Mabasi ya Mwendokasi ni ya Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usimamizi wa Usafiri wa Umma Dar es Salaam

Ukurasa huu ni wa mkazi wa Dar es Salaam anayepanda mwendokasi au daladala na anataka kujua agonge mlango upi mambo yanapoharibika. Maswali yenyewe ndiyo yanayosikika kila siku kwenye foleni za Kimara, Gerezani, Morocco na Mbagala. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Watu hao huchagua madiwani, lakini madiwani hawana mamlaka ya moja kwa moja juu ya basi linalowapeleka kazini. Tunaamini hali hiyo inapaswa kubadilika.

Mabasi ya mwendokasi ni ya nani hasa?

Ni ya Serikali Kuu kuliko ya jiji. Anayesimamia mfumo mzima ni DART, yaani Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, ulioanzishwa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997. DART yenyewe si mwendeshaji wa mabasi. Kazi yake ni kupanga mfumo, kuingia mikataba na waendeshaji, kuwasimamia na kuhakikisha abiria anapata huduma iliyoandikwa kwenye mkataba.

Kwa njia ya Kimara, mwendeshaji tangu mwanzo amekuwa UDART, kampuni iliyotokana na UDA, shirika la zamani la mabasi ya jiji. Hisa za Serikali katika kampuni hiyo zinaangaliwa na Msajili wa Hazina, wakati DART inawajibika TAMISEMI. Kwa hiyo msimamizi ana mkubwa wake na anayesimamiwa ana mkubwa wake, na wakubwa wote wawili ni Serikali ileile. DART ikitaka kuibana UDART kwa kukiuka mkataba, Serikali inaibana Serikali. Hapa ndipo ugumu wote unapoanzia, na ukishalielewa hili, mengi yaliyobaki utayaelewa kwa urahisi.

Lakini TAMISEMI si ndiyo serikali za mitaa?

TAMISEMI ni wizara inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Waziri wake huteuliwa na Rais, na Mtendaji Mkuu wa DART naye huteuliwa kutoka juu. Halmashauri ni kitu kingine: ni baraza la madiwani waliopigiwa kura katika kata, likiongozwa na meya waliyemchagua wenyewe. DART kuwa chini ya TAMISEMI hakuifanyi iwe chini ya Halmashauri ya Ubungo, Kinondoni, Temeke, Kigamboni wala ya Jiji la Dar es Salaam.

Ilikuwa hivi tangu mwanzo?

Hapana, na historia hii inasahaulika upesi mno.

UDA, Shirika la Usafiri Dar es Salaam, lilianza mwaka 1974 baada ya kampuni ya zamani ya DMT kugawanywa: UDA ikachukua mabasi ya mjini, KAMATA ikachukua ya mikoani. Waliokuwa vijana wakati ule bado wanayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus. Hisa za UDA baadaye zilikuwa mikononi mwa wawili, Halmashauri ya Jiji ikiwa na asilimia 51 na Serikali Kuu asilimia 49. Maana yake ni kwamba jiji, kwa karatasi angalau, lilikuwa na sauti kubwa kuliko Serikali katika kampuni ya mabasi ya jiji lake.

Shirika lilidhoofika. Mabasi yaliharibika, vipuri vikakosekana kwa uhaba wa fedha za kigeni, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Daladala zikajaza pengo ambalo shirika la umma lilishindwa kulijaza, na zimelijaza hadi leo.

Wazo la mabasi yaendayo haraka nalo lilizaliwa Jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Kleist Sykes akiwa meya, Halmashauri ya Jiji ndiyo iliyoubeba mradi huo, ikatafuta washirika na wataalamu, ikajifunza kutoka miji ya Amerika ya Kusini kama Bogotá. Mwaka 2007 mradi ukahamia kwenye wakala wa Serikali. Sababu zilikuwepo: mkopo wa Benki ya Dunia ulihitaji dhamana ya Serikali Kuu, na barabara zilizohusika ni barabara kuu za TANROADS. Lakini hatukuona sababu ya kuwatoa madiwani mezani kabisa. Wangeweza kupewa viti kwenye bodi, au haki ya kupokea taarifa za utendaji kila robo mwaka.

Na habari ya kuuzwa kwa UDA ni ipi?

Mwaka 2011 hisa za UDA ziliuzwa kwa kampuni ya Simon Group. Mauzo hayo yalizua mvutano mkubwa kuhusu nani aliidhinisha, bei ilipatikanaje, na fedha za upande wa Jiji ziko wapi. Suala lilifika Bungeni na kwa Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kwenye vikao vya Jiji liliendelea kuwagawanya madiwani miaka kadhaa baadaye.

Kwa mada yetu, la muhimu ni hili: mali ambayo wakazi walikuwa na hisa nyingi ndani yake kupitia halmashauri yao iliondoka mikononi mwao, na mkazi wa kawaida alisoma habari hiyo magazetini ikiwa imekwisha.

Halmashauri ya Jiji iliyovunjwa ilikuwa na kazi gani?

Mpaka Februari 2021 Dar es Salaam ilikuwa na manispaa zake na, juu yake, Halmashauri ya Jiji iliyoshughulikia mambo yanayovuka mipaka ya manispaa. Rais John Magufuli aliivunja mwezi huo, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Hoja ilikuwa kwamba halmashauri ile ilikuwa mzigo usio na eneo wala wananchi wake wa moja kwa moja.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo, basi linalotoka Kimara hadi Kivukoni linapita Ubungo, Kinondoni na Ilala katika safari moja. Tangu 2021 hakuna baraza lolote la waliochaguliwa linaloitazama safari hiyo nzima. Meya wa Jiji leo ni meya wa iliyokuwa Ilala. Mbagala hamhusu, Tegeta hamhusu. Anayeliona jiji lote ni Mkuu wa Mkoa, naye ni mteule wa Rais.

Mpango kabambe wa usafiri uliotayarishwa kwa msaada wa Japani mwaka 2008 ulishapendekeza mamlaka moja ya usafiri kwa jiji zima. Pendekezo hilo lingali na maana, ilimradi mamlaka hiyo iwe na wajumbe waliopigiwa kura.

Basi diwani wangu hana kazi kabisa kwenye suala hili?

Anayo, ila inabidi ajue pa kushika. Halmashauri inagusa usafiri katika maeneo kadhaa: vituo vikubwa vya daladala na ushuru wake, masoko yaliyo jirani na vituo vya mwendokasi, vibali vya ujenzi, usafi, wafanyabiashara wadogo wanaopangwa na kuondolewa pembezoni mwa barabara. Ardhi ndiyo inayoleta joto zaidi. Mwaka 2024 wafanyabiashara wa soko la Simu 2000 walipopinga eneo lao kutolewa kwa DART kwa ajili ya karakana, ilionekana wazi kuwa mradi wa mabasi hauwezi kukwepa siasa za kata. Mtu aliyekaa na meza yake ya biashara hapo miaka mingi ana diwani, na diwani huyo alipaswa kuwa na taarifa zote kabla ya mpiga kura wake.

Kuna pia vikao ambavyo wengi hawavijui. Bodi ya Barabara ya Mkoa na Kamati ya Ushauri ya Mkoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa, na mameya na wabunge huketi humo. TANROADS, TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) na taasisi nyingine hutoa taarifa zao pale. Vikao hivi havina mamlaka ya kumfukuza mtu, lakini swali likiulizwa humo huingia kwenye muhtasari na mhusika analazimika kulijibu mbele ya wenzake. Muulize diwani wako kama meya aliwahi kubeba hoja ya mabasi kwenda huko. Jibu lake litakueleza mengi.

Mbunge wako naye ni mjumbe wa baraza la madiwani. Hoja ya mtaani inaweza kupanda kutoka kata hadi Dodoma kupitia mtu mmoja huyohuyo.

Nauli inapangwa na nani?

LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya 2019. Si DART, si UDART, si halmashauri. Mwendeshaji hupeleka maombi, mamlaka hukusanya maoni ya wadau, kisha hutangaza nauli ya kikomo.

Mfano wa mwaka 2016 unaonyesha sauti ya watu inavyofanya kazi ikitumika. Kabla ya huduma kuanza, mwendeshaji alipendekeza shilingi 1,200 kwa njia kuu. Kelele zilikuwa kubwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaagiza mapendekezo yapitiwe upya, na huduma ilipoanza Mei 10, 2016 nauli ilikuwa shilingi 650 kwa njia kuu, 400 kwa njia mlishi (zile zinazowaleta abiria kwenye njia kuu), 800 kwa zote mbili, na 200 kwa mwanafunzi. Tofauti ya 550 kwa safari moja, kwenda na kurudi, kwa mtu anayelipwa kwa siku, ni mlo wa mtoto.

Kwa hiyo LATRA ikitangaza mkutano wa maoni ya nauli, nenda. Wamiliki huja na wahasibu wao na mahesabu ya dizeli na vipuri. Abiria nao waje na hesabu zao: dakika za kusubiri, idadi ya mabasi yaliyopita yakiwa yamejaa, siku ambazo lango la kadi halikufanya kazi.

Mabasi yakiwa machache na foleni ikifika barabarani, kosa ni la nani?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote.

Mfumo ulianza na mabasi 140. Mkataba wa mwanzo, uliosainiwa 2015, ulikuwa wa huduma ya mpito, kwa nia kwamba baada ya muda mfupi apatikane mwendeshaji wa kudumu kwa zabuni. Mpito ule ulidumu miaka. Basi la mjini linalobeba watu kupita kiasi kila asubuhi na jioni huchakaa haraka. Likikosa kipuri hulala karakana, na yaliyobaki hubeba mzigo wake na kuchakaa haraka zaidi.

Karakana nayo iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha, maji yaliingia na huduma ilisimama, na abiria wa Magomeni na Kimara walibaki upande mmoja wa bonde. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na washirika wengine, umekusudia kumaliza tatizo hilo pamoja na daraja jipya la Jangwani. Wakazi wa Jangwani walijua bonde hilo hufurika muda mrefu kabla ya kiwanja kuchaguliwa. Kila mwenyekiti wa mtaa wa pale angeweza kusema hivyo bila ya kulipwa ushauri wa kitaalamu.

Ukitaka jibu kwa mpangilio wa wajibu: mwendeshaji anawajibika kwa mabasi kuwa barabarani, DART inawajibika kumpima na kumwadhibu akishindwa, TAMISEMI na Hazina zinawajibika kwa maamuzi ya fedha na zabuni. Abiria anayemfokea dereva au mkata tiketi anamfokea mtu asiye na uamuzi wowote.

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 hasira zilifurika Kimara. Abiria waliochoshwa na kusubiri walirusha mawe. Katika siku chache Rais Samia Suluhu Hassan alitengua uteuzi wa wakuu wa DART na UDART, na mabasi mapya yaliyokuwa yakitayarishwa kwa ajili ya njia ya Mbagala yakaelekezwa kusaidia Kimara. Hatupongezi mawe, basi likivunjwa kioo, foleni ya kesho inaongezeka. Lakini tazama njia ambayo suluhisho lilipitia. Malalamiko yaleyale yalikuwa yakisemwa kituoni siku zote, na hakuna kikao cha waliochaguliwa, hapa mjini, chenye nguvu ya kumwita Mtendaji Mkuu na kumtaka aeleze mabasi mangapi yametoka karakana asubuhi ya leo. Kikao hicho kingekuwepo, suala lisingehitaji kufika Ikulu.

Mbagala kuna kampuni binafsi. Je, usimamizi unabadilika?

Awamu ya pili, kilomita 20.3, sehemu kubwa kwenye Barabara ya Kilwa, ilijengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na huduma yake ilianza 2025 kwa mabasi ya kampuni binafsi ya Mofat. Kwa mtazamo wa usimamizi hii inaweza kuwa afadhali, kwa kuwa DART sasa ina mtu wa nje wa kumshikia mkataba. Lakini mkataba usiosomwa na umma hauwezi kumlinda abiria. Kama umeandikwa kwamba basi lipite kila baada ya dakika kadhaa nyakati za msongamano, mkazi wa Rangi Tatu anastahili kuijua hiyo dakika ili aweze kuidai. Madiwani wa Temeke wangeanza na hilo: kuomba viwango vya huduma vya njia yao na kuvibandika kwenye mbao za matangazo za kata.

Na daladala, je?

Leseni na njia ni LATRA. Makosa barabarani ni Polisi wa Usalama Barabarani. Kituo ni halmashauri. Barabara ya mtaani yenye mashimo ni TARURA, ambayo tangu 2017 ilichukua kazi ya barabara iliyokuwa ya halmashauri. Madiwani wengi hulaumiwa kwa mashimo ambayo bajeti yake haipo tena mikononi mwao, ingawa taarifa za TARURA huletwa barazani na wana haki ya kuzihoji.

Bunge linasimamia vipi?

Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, hukagua hesabu na kumkabidhi Rais ripoti, kisha ripoti huwasilishwa Bungeni, kwa kawaida mwezi Aprili. Kamati ya Hesabu za Serikali huzichambua za wizara na wakala. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huzichambua za halmashauri. Na ile ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma huangalia kampuni zenye hisa za Serikali. Mwendokasi unagawanyika kati ya kamati hizo, kwa hiyo wabunge wa Dar es Salaam ndio wanaopaswa kuunganisha vipande. Ripoti zenyewe huwekwa wazi kwa umma. Zisome, hasa ukurasa unaoeleza mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa.

Ninaweza kudai kuona taarifa au mkataba?

Ndiyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Andika barua, taja taarifa unayoitaka kwa usahihi, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Usiombe “taarifa zote za mwendokasi”. Omba kitu kimoja: idadi ya mabasi yaliyotoa huduma njia ya Kimara kila siku katika mwezi fulani, au adhabu alizotozwa mwendeshaji katika mwaka fulani wa fedha. Sheria ina vizuizi, kikiwemo cha maslahi ya kibiashara, na huenda sehemu ya mkataba ikafichwa. Takwimu za huduma ni ngumu zaidi kuzificha, ndiyo maana tunashauri uanze nazo.

Malalamiko ya kawaida nipeleke wapi?

Kama ni basi, kituo au kadi, anza DART na mwendeshaji. Nauli iliyozidishwa, lugha chafu au mwanafunzi kukataliwa: LATRA. Ukihisi umepuuzwa, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, LATRA CCC, lililowekwa na sheria kumtetea abiria. Wachache mno hulitumia.

Miji mingine inafanyaje?

London ni mfano unaotajwa sana. Mabasi yake yanaendeshwa na kampuni binafsi kwa mikataba, kama tunavyokusudia sisi. Tofauti ni juu yake. Tangu mwaka 2000 mamlaka ya usafiri ya jiji ipo chini ya meya anayechaguliwa na wakazi, naye huhojiwa hadharani mara 10 kwa mwaka na baraza la wajumbe 25. Nauli ikipanda, mkazi anajua jina la mtu wa kumnyima kura.

Jirani zetu wa Nairobi bado wanavutana. Katiba ya Kenya ya 2010 iliwapa magavana usafiri wa kaunti, lakini leseni za matatu ziko kwa mamlaka ya kitaifa, na chombo cha pamoja, NaMATA, kilichoundwa 2017 kwa Nairobi na kaunti za jirani, kinakutanisha pande hizo mbili kwa shida. Somo la huko ni kwamba kuandika madaraka kwenye katiba pekee hakuleti basi. Fedha na leseni lazima zifuate. Sisi Ibara za 145 na 146 zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwenye usafiri wa jiji letu kubwa kuliko yote, hayajapelekwa.

Nikienda kwenye kikao cha baraza la madiwani, naruhusiwa kuongea?

Mkutano wa kawaida wa baraza, unaofanyika kila robo mwaka, uko wazi kwa wananchi kusikiliza, lakini wanaozungumza ni wajumbe. Kwa hiyo swali lako linatakiwa kumfikia diwani mapema, kwa maandishi, kabla ya muda wa kuwasilisha maswali kwisha. Ofisi ya mtendaji wa kata itakueleza tarehe. Mkutano wa mtaa ndiko unakoweza kusimama mwenyewe na kusema. Hakikisha hoja imeandikwa kwenye muhtasari, chukua nakala, kisha mpelekee diwani nakala hiyo ikiwa na majina na sahihi za majirani.